NJAA YA NGOMBE: Fundisho juu ya bulimia, ugonjwa wa kula unaofichwa



Sisi wa kalasi ya sita tulipewa kazi ya kuandika fundisho moja la biolojia kwa ajili ya gazeti letu hili. Wengi walifikiri kama tutaandika juu ya malaria ao kipindupindu. Lakini tumechagua ugonjwa ambao sisi wenyewe hatukujua jina lake mbele ya mwaka huu. Unaitwa bulimia. Siku tuliyousikia mara ya kwanza tulicheka. Tunaandika kusudi mujue sababu gani tuliacha kucheka.

Namna tulivyokosa

Siku ile mwalimu wetu wa biolojia alikuwa anafundisha juu ya vyakula na kazi yavyo katika mwili. Akasema kuna watu, zaidi wanawake vijana, wanaokula mikate na biskuti na kila kitu kilicho ndani ya nyumba, haraka haraka, kwa siri, hata tumbo linauma. Kisha wanajitapisha. Kisha wanalia. Kalasi yote ikacheka. Mumoja wetu akasema: "Mwalimu, ile hapana ugonjwa. Ile ni ulafi ya wazungu wenye kushiba!" Mwalimu hakukasirika. Alituuliza tu: "Kama ni ulafi, juu ya nini wanalia?" Hakuna aliyejibu.

Sisi makapita tulikuwa na sababu ingine ya kunyamaza. Mwaka uliopita mwanafunzi mumoja alikutwa usiku anakula mukate ndani ya depo ya chakula. Tuliandika jina lake kwenye ubao, na pembeni tukaandika neno "mulafi". Watu walimucheka majuma mawili. Hakuna hata kapita mumoja aliyemuuliza kama alikula muchana. Nyuma tu tulisikia kama siku nyingi, mezani, alikuwa anasukuma sahani yake kwa wengine.

Hatusemi kama mwanafunzi yule alikuwa mugonjwa wa bulimia. Kupima ugonjwa si kazi yetu, ni kazi ya munganga. Jina lake halitaandikwa hapa, na tumekwisha kumuomba musamaha. Tunasema neno moja tu: tulihukumu usiku bila kuuliza juu ya muchana. Na katika kusoma kwetu tumeona kama waganga wakubwa wa ugonjwa huu wamefundisha jambo lile lile. Kusudi uelewe usiku wa mugonjwa wa bulimia, uliza kwanza juu ya muchana wake.

1. Jina na mwanzo wake

Jina bulimia linatoka katika Kigriki. Limeungwa na maneno mawili, ngombe dume na njaa. Maana yake ni njaa ya ngombe, njaa kubwa isiyo na kipimo.

Aliyeandika wazi juu ya ugonjwa huu ni Gerald Russell, munganga wa magonjwa ya akili katika hospitali ya Royal Free kule London, Uingereza. Katika mwaka 1979 alitoa maandiko juu ya wagonjwa 30 aliowaona tangu mwaka 1972 mpaka 1978. Karibu wote walikuwa wanawake. Aliona kwao mambo matatu yanayokwenda pamoja:

a) Hamu ya kula inayomushinda mutu, hata anakula chakula kingi sana bila kuweza kujizuia.
b) Kisha kula, kutafuta njia ya kukiondoa chakula kile, zaidi kwa kujitapisha ao kwa kunywa dawa za kuharisha.
c) Woga mukubwa wa kunenepa, unaotawala mawazo yake.

Muangalie vizuri jambo la tatu. Mulafi anapenda chakula na anashiba kwa furaha. Mugonjwa wa bulimia anaogopa chakula. Anakula kile anachokiogopa, na kisha kukila anajichukia. Njo maana analia.

Tena, ugonjwa huu hauonekani kwa macho. Mugonjwa wa anoreksia, ugonjwa mwingine wa kukataa kula, anakonda mpaka kila mutu anamuona. Lakini mugonjwa wa bulimia mara nyingi ana uzito wa kawaida. Katika mwaka 1980 wachunguzi wawili wa Oxford, Christopher Fairburn na Peter Cooper, walitia tangazo katika gazeti moja la wanawake kule Uingereza, wakiomba wenye shida hii wawaandikie. Katika mwaka 1982 walitoa habari za wanawake 499 ambao majibu yao yalionyesha alama za bulimia. Kwa jumla uzito wao, ukilinganishwa na urefu wao, haukuonyesha kitu. Mateso yao yalikuwa makubwa, lakini wachache sana walikuwa wanatunzwa na waganga. Mufikirie neno hili: wanawake karibu 500 walifunua siri yao kwa barua, na pengine watu waliokaa nao nyumba moja hawakujua kitu.

2. Ugumu wa ugonjwa unapimwa namna gani?

Waganga wanahitaji kipimo kusudi wajue kama ugonjwa ni mwepesi ao mukali. Kitabu kinachofuatwa na wengi ni kile cha Chama cha Waganga wa Akili cha Marekani. Katika chapa yake ya tano, ya mwaka 2013, kinasema kama bulimia inahesabiwa kuwa ugonjwa wakati kula bila kujizuia, pamoja na njia za kukiondoa chakula, vinatokea mara moja kwa juma ao zaidi, kwa muda wa miezi mitatu. Mbele ya mwaka ule walitaka mara mbili kwa juma. Walipunguza hesabu kwa sababu waliona kama wale wa mara moja nao wanateseka na wanahitaji musaada.

Kisha kitabu kinapanga daraja ine. Kinahesabu ni mara ngapi kwa juma mugonjwa anajitapisha ao anafanya jambo lingine la kuondoa chakula, kama kujinyima chakula siku nzima ao kujichosha na mazoezi:

- Mara 1 mpaka 3 kwa juma: ugonjwa mwepesi.
- Mara 4 mpaka 7: ugonjwa wa katikati.
- Mara 8 mpaka 13: ugonjwa mukali.
- Mara 14 ao zaidi: ugonjwa mukali sana. Hiyo ni kama mara mbili kila siku.

Munganga anaweza kupandisha daraja akiona alama zingine, ao akiona kama mugonjwa hawezi tena kufanya kazi na kuishi na wenzake. Basi hesabu hii ni ya kusaidia tu. Tusidhani kama daraja ya kwanza ni muchezo.

Sababu gani si muchezo? Kutapika mara kwa mara kunaondoa maji na chumvi za mwili. Chumvi moja inaitwa potasiamu. Moyo unaihitaji kusudi upige sawasawa, na ikipungua sana mapigo yanaweza kuharibika, hata mutu anaweza kufa. Asidi ya tumbo inakula meno, zaidi upande wa ndani. Tezi za mate zinaweza kuvimba na kufanya mashavu kuwa makubwa. Na haya yote yanampata mutu ambaye kwa macho anaonekana muzima.

Tena njia ile inamudanganya mugonjwa. Kutapika hakurudishi chakula chote, na sehemu kubwa inaweza kubaki ndani ya mwili. Dawa za kuharisha zinaondoa zaidi maji, kwa maana chakula kimekwisha kuingia katika damu mbele hazijaanza kazi. Basi mugonjwa anaumiza moyo na meno yake kwa faida ambayo haipati.

3. Daftari la kila siku

Sasa tunafika kwenye kiini cha fundisho letu. Wachunguzi walijiuliza hivi: wanawake hawa wanakula namna gani katika saa zingine, wakati hawashindwi na hamu? Waliwapa daftari na kuwaomba waandike kila kitu: saa gani nimekula, nimekula nini, nilikuwa wapi, niliwaza nini.

Yaliyoonekana katika madaftari yale, katika uchunguzi mbalimbali, yanafanana. Chakula cha asubui njo kinarukwa zaidi. Chakula cha mangaribi njo kinaliwa zaidi. Na vipindi vya kula bila kujizuia vinakuja zaidi wakati jua limepunguka na usiku, mutu akiwa peke yake. Tuchukue mufano tuliotunga sisi wenyewe. Musichana anaamuka na kusema: "Jana nilikosa, leo sitakula." Anakunywa chai kavu. Saa sita anasema ameshiba. Saa kumi kichwa kinauma na hawezi kufikiri kitu kingine isipokuwa chakula. Saa mbili ya usiku anavunja amri yake kwa kipande kimoja cha mukate. Halafu anasema: "Basi, siku imekwisha kuharibika," na anakula mpaka hakuna kitu. Woga unamushika, anajitapisha, na mbele ya kulala anajiapia: "Kesho sitakula."

Munaona? Dawa anayojiandikia usiku njo inaleta ugonjwa wa kesho yake. Ni muzunguko. Kila mara anafikiri kama shida yake ni kukosa nguvu ya kujizuia, kumbe kule kujizuia kupita kiasi njo kunafungua mulango.

Uchunguzi unaonyesha pia kama wanawake wanaokula kwa saa zilizopangwa, muchana kutwa, kwa kawaida wana vipindi vichache kuliko wale wanaoruka. Lakini mwanafunzi mwerevu atauliza: je, kuruka chakula kunaleta kipindi, ao kipindi cha usiku njo kinamufanya mutu aruke chakula cha asubui? Ulizo hilo ni zuri. Daftari peke yake haliwezi kulijibu, kwa maana linaonyesha mambo mawili yanayotembea pamoja, halionyeshi lipi linavuta lingine. Kusudi tujibu, tutazame majaribio mawili.

4. Wanaume 36 wa Minnesota

Jaribio la kwanza halikufanywa na wanawake, wala na wagonjwa. Lilifanywa na wanaume 36, vijana wenye afya, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, tangu mwezi wa 11 mwaka 1944 mpaka mwezi wa 12 mwaka 1945. Kiongozi wake alikuwa mwalimu Ancel Keys. Vijana wale walikuwa wamekataa kushika silaha katika vita kwa sababu ya zamiri yao. Wengi walikuwa wa makanisa yanayofundisha amani, kama Wakweka na Wamennoni, ambao kanisa lao liko hata katika inchi yetu ya Congo. Walijitolea kwa njaa kusudi waganga wajifunze namna ya kusaidia watu wa Ulaya walioshindishwa njaa na vita.

Kwa miezi sita walipewa chakula kidogo, karibu kalori 1,570 kwa siku, mara mbili tu kwa siku, zaidi viazi na mukate na mboga za mizizi. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Lakini jambo linalotuhusu ni akili zao. Vijana waliokuwa hawajali mambo ya jikoni walianza kusoma vitabu vya mapishi. Waliota chakula, walilamba sahani. Wamoja walishindwa, wakavunja sheria, wakala bila kujizuia, kisha wakajichukia na kuona haya. Na wakati njaa ilipokwisha, wamoja walikula kwa wingi wa kushangaza kwa majuma mengi bila kusikia kama wameshiba.

Hawa hawakuwa walafi. Hawakuogopa unene. Walikuwa vijana waliochagua mateso kwa ajili ya wenzao. Kama njaa iliweza kuwafanya hivi, tutamuhukumu namna gani musichana anayejinyima kila siku? Mwili unaonyimwa unadai deni lake, na ukidai hauombi ruhusa ya mutu.

Lakini tuseme ukweli wote. Njaa ni muguu mumoja tu wa ugonjwa. Muguu wa pili ni mawazo: mutu anapima samani yake yote kwa umbo la mwili na kwa kilo. Vijana wa Minnesota hawakuwa na muguu wa pili, na hatuwezi kusema kama walikuwa wagonjwa wa bulimia.

5. Kutunza kunaanzia asubui

Jaribio la pili ni kutunza kwenyewe. Katika mwaka 1981 Fairburn wa Oxford alieleza njia ya kutunza wagonjwa kwa mazungumuzo, inayofundisha mutu kubadilisha mawazo na desturi zake. Wengi hufikiri kama munganga ataanza kwa kumukataza mugonjwa kula usiku. Hapana. Anaanza na daftari, kisha anamuomba ale. Milo mitatu kwa siku, na vyakula vidogo viwili ao vitatu katikati, bila kupita saa ine pasipo kula kitu. Anakula kwa saa iliyopangwa, ikiwa ana hamu ao hana, ikiwa jana alikosa ao hakukosa.

Kwa mugonjwa neno hili ni la kutisha. Anafikiri kama atanenepa sana. Lakini kwa wengi uzito haubadiliki sana, kwa maana vipindi vya usiku vinapunguka. Wakati muchana umetengenezwa, njo munganga anashika mambo mazito zaidi: vyakula vilivyokatazwa, woga wa kilo, huzuni, na aibu.

Je, njia hii inafaa kweli? Katika muji wa Copenhagen, Denmark, wachunguzi waligawanya wagonjwa 70 wa bulimia katika vikundi viwili kwa bahati nasibu. Kikundi kimoja kilitunzwa kwa njia hii, mikutano 20 katika miezi mitano. Kikundi kingine kilifuata mazungumuzo ya kuchimba mambo ya zamani na ya ndani ya moyo, mara moja kwa juma kwa miaka miwili. Matokeo yalitolewa mwaka 2014. Kisha miezi mitano, katika kikundi cha kwanza watu 42 kwa mia walikuwa wameacha kabisa kula bila kujizuia na kujitapisha. Katika kikundi cha pili, 6 kwa mia. Kisha miaka miwili hesabu zilikuwa 44 kwa mia na 15 kwa mia.

Hapa ulizo letu linapata sehemu ya jibu. Wagonjwa waliosaidiwa kupanga kula kwao, pamoja na mawazo yao, walipata nafuu upesi na kwa wingi. Lakini musome hesabu ile kwa upande wa pili pia. Hata kwa njia nzuri, zaidi ya nusu walikuwa hawajaacha kabisa. Basi mutu asimuambie mugonjwa, "Acha tu!" Kama ingekuwa rahisi hivyo, wenye akili wale wasingehitaji mikutano 20.

6. Je, ni ugonjwa wa wazungu?

Ndugu yetu aliyesema vile katika kalasi hakuwa peke yake katika wazo lile. Ni kweli kama ugonjwa ulielezwa kwanza Ulaya na Marekani. Lakini tusikie habari za Fiji, visiwa vya bahari ya Pasifiki. Kule, kama kwetu, mwili munene ulisifiwa, na mugeni aliambiwa "kula, kula". Katika mwaka 1995 televisheni iliingia katika jimbo moja la Fiji. Munganga Anne Becker wa Marekani aliwauliza wasichana wa masomo ya sekondari mwaka ule ule, na tena mwaka 1998. Mara ya kwanza hakuna hata mumoja aliyesema kama anajitapisha kusudi apunguze uzito. Kisha miaka mitatu walikuwa 11 kwa mia. Walikuwa wasichana kama dada zetu, katika masomo kama yetu.

Karibu na sisi zaidi, katika mwaka 2007 kulitolewa uchunguzi juu ya wanawake na wasichana 214 wa Tanzania, waliojibu maulizo yaliyoandikwa kwa Kiswahili. Wengi hawakuwa na shida. Lakini wachache walikuwa na alama za kweli za magonjwa ya kula. Basi ugonjwa hauulizi rangi ya ngozi. Wala hauulizi kama ni mwanaume ao mwanamuke, ijapo wanawake ni wengi zaidi.

Hapa kuna neno la kuangalia sana. Katika nyumba nyingi za kwetu watu wanakula mara moja kwa siku kwa sababu hakuna kitu cha kupika. Hiyo si bulimia. Hiyo ni njaa, na dawa yake ni chakula na amani. Mutoto aliyeshinda njaa akila bugali nyingi mangaribi hana ugonjwa wa akili. Tusichukue jina jipya na kulibandika kwa kila mutu, kwa maana tutakuwa tumefuta neno "mulafi" kwenye ubao na kuandika lingine mahali pake. Tena kufunga kwa ajili ya maombi ni jambo lingine. Lakini mwenye ugonjwa huu aongee kwanza na munganga na muchungaji mbele ya kufunga, kwa maana kwake siku ya bila chakula inaweza kurudisha muzunguko wote.

7. Tufanye nini hapa kwetu?

Sisi makapita tumekubaliana mambo haya, na tunaomba walimu watusaidie kuyashika:

Kwanza, hatutaandika tena jina la mutu kwenye ubao kwa jambo la chakula. Mwenye kukosa ataongea nasi kwa faragha, na ulizo la kwanza litakuwa: "Ulikula asubui?"

Pili, tuache kutaja miili ya wenzetu mezani. "Umenenepa wee" na "umekonda kama muti" tunayasema kwa muchezo, lakini hatujui yanaangukia moyo gani.

Tatu, ukiona mwenzako anaruka chakula siku nyingi, ao anakula kwa siri na kulia, usimufuate nyuma kama polisi na usitangaze siri yake. Kaa naye. Kula pamoja naye. Umuambie kama kuna ugonjwa wenye jina na wenye kutunzwa. Umusindikize kwa mama mulezi ao kwa munganga wa dispansere.

Ine, kuna siri isiyofaa kushikwa. Mwenzako akizimia, akisikia moyo unaruka, akitapika damu, ao akisema anataka kufa, uambie mukubwa saa ile ile, hata kama ulimuapia kunyamaza. Afazali akukasirikie akiwa muzima.

Na wewe unayesoma, ikiwa umejitambua katika fundisho hili, usiogope. Wanawake 499 waliandika barua. Wewe unaweza kuanza na mutu mumoja.

Maulizo ya kujifunza

1. Kuna tofauti gani kati ya ulafi na bulimia? Toa alama tatu alizoandika Russell.
2. Mutu anajitapisha mara 5 kwa juma. Yuko katika daraja gani? Sababu gani munganga anaweza kumupandisha?
3. Eleza muzunguko wa siku ya mugonjwa, tangu asubui mpaka usiku.
4. Wanaume wa Minnesota wanatufundisha nini, na hawatufundishi nini?
5. Sababu gani munganga anaanza na chakula cha asubui kuliko kukataza kile cha usiku?
6. Ubao wetu ulisema "mulafi". Ungekuwa kapita, ungefanya nini usiku ule?

Majibu ya ulizo la sita hatutayapima kwa alama. Tutayasoma pamoja siku ya posho, kisha chakula cha mangaribi, na sisi makapita tutakuwa wa kwanza kujibu.

Wenu katika kazi,
Kapita mukubwa na makapita wenzake, kalasi ya sita